Kazi haiishi, kuandika hakuanzi: tafuta kwanza panapovuja

Mimi ni mhasibu. Mchana nalinganisha risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, na leja, daftari kuu la hesabu, na muda unaobaki natunga hadithi na mashairi. Kwa miaka kadhaa niliamini tatizo langu ni moja tu, muda, na dawa yake ni moja tu, kuamka saa kumi alfajiri. Niliamka saa kumi kwa wiki mbili. Wiki ya tatu nikasinzia kwenye kikao cha bajeti, kalamu mkononi, mkurugenzi ananitazama.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya nyumbani kile ninacholipwa kukifanya ofisini. Leja isipobalansi, huongezi shilingi upande mmoja ili zilingane. Unafuata muamala mmoja mmoja mpaka ulione kosa. Na makosa hayafanani: lipo la tarakimu zilizogeuzwa, lipo la ankara iliyoingizwa mara mbili, lipo la fedha ambayo kweli haipo. Kila moja lina dawa yake.

Zifuatazo ni dalili nilizoziona kwangu na kwa wenzangu wanaotunga huku wakiajiriwa. Nazungumzia uandishi kwa sababu ndio ninaoujua. Anayechora, anayeshona mitindo yake au anayepiga gitaa kanisani abadilishe maneno tu.

Kabla ya yote, kipimo kimoja

Kumbuka likizo yako ya mwisho. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Katika siku hizo, uliandika?

Kama uliandika, tatizo lako ni muda, ratiba au uchovu. Anza na dalili inayofuata. Kama zilipita zote bila mstari mmoja, na hukuwa unauguza wala kujenga, muda umeusingizia. Ruka hadi "Muda ninao, ila hakitoki kitu".

Dalili: "Sina muda kabisa"

Usiikubali wala usiikatae bado. Chukua daftari, kwa wiki moja andika kila saa uliyokuwa macho ilikwenda wapi. Si kwa kukumbuka Jumapili jioni; andika palepale. Kumbukumbu ya muda hudanganya kama kumbukumbu ya matumizi ya sokoni.

Daftari langu lilinionyesha mambo matatu. Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi mjini Dar es Salaam na kurudi, nilikuwa natumia saa mbili na nusu kwa siku, yaani saa kumi na mbili na nusu kwa siku tano. Ofisi, ambayo mkataba unasema inafungwa saa kumi na moja jioni, ilikuwa inaniachia saa moja na nusu usiku, mara tatu kwa wiki. Na simu, ambayo ningeapa naishika dakika kumi kabla ya kulala, ilikuwa inakula zaidi ya saa nzima kila usiku. Vyote vitatu nilikuwa naviita "sina muda", lakini ni matundu matatu tofauti.

*Muda uko barabarani.* Hapa wengi watakwambia uandike kwenye simu ukiwa safarini. Sawa, ukipata siti. Mimi mara nyingi nimesimama, mkono mmoja juu kwenye chuma, mwingine umekumbatia mkoba, na kiwiko cha mtu kiko mbavuni. Huwezi kuandika hivyo. Unaweza kutunga, ukichagua umbo linalokaa kichwani. Na sisi tunalo, tumelirithi: utenzi. Ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, yaani silabi nane, mitatu ya kwanza inagongana kina kimoja, wa nne unabeba kina cha utenzi mzima. Umbo hili lilidumu kwa sababu linashikika kichwani hata bila karatasi. Ubeti ukitimia, vina vyenyewe vinakushikia maneno mpaka ushuke. Huu niliushusha Kariakoo, nikauandika nimeegemea ukuta wa duka:

Nimeushika mlango,
nimepindisha na shingo,
kichwani nina mpango
wa beti kujitungia.

Si ubeti wa kushinda tuzo. Lakini asubuhi ile nilifika kazini nimeshaandika, na foleni ya siku ile sikumbuki hata ilikuwa ndefu kiasi gani. Hadithi fupi ninazo pia, ila hizo nazipa muda mwingine. Nimeacha kuzilazimisha ziingie kwenye daladala.

*Muda unachukuliwa na ofisi.* Hili watu hulivumilia kama mvua. Soma sheria. Saa za kawaida za kazi Tanzania ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada: ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya kawaida. Kama wewe ni meneja unayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri, kanuni hizi za saa hazikugusi, na hilo nalo ni vizuri ulijue kabla ya kukubali cheo. Sikushauri uende kwa bosi na kifungu cha sheria mkononi. Mimi nilichofanya ni kuandika saa zangu za ziada kwa miezi miwili, kisha nikamwonyesha msimamizi wangu kwamba nyingi zilitokana na ripoti moja iliyokuwa inaombwa saa kumi na nusu kila siku. Ripoti ikahamia asubuhi. Nikarudishiwa jioni mbili kwa wiki, wala hatukugombana.

*Muda kweli haupo.* Una kichanga. Unauguza mzazi. Una kazi mbili kwa sababu moja haitoshi ada. Hapa daftari litakuthibitishia ulichokuwa unajua, na dawa si kujibana zaidi. Punguza kazi yenyewe: ubeti mmoja kwa wiki, au sentensi moja kwa siku kuhusu kitu ulichokiona. Nilipokuwa na mtoto wa miezi minne niliandika orodha tu ya maneno ambayo mama mkwe alikuwa anayatumia akimbembeleza. Mistari ishirini na tatu kwa miezi mitatu. Baadaye ndiyo iliyonipa mhusika wa hadithi.

Dalili: "Naamka alfajiri kama walivyoniambia, lakini siwezi kudumu"

Uliza swali moja: wakati wewe unaandika, nani anabandika chai?

Anthony Trollope hutajwa sana katika mambo haya. Alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza, akaandika riwaya 47, nyingi akiwa bado kazini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa ya mfukoni mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Haya wanaohimiza kuamka mapema hawaachi kuyasema. Wanachoruka ni mtumishi wake mzee, aliyekuwa akimwamsha na kumletea kahawa, na kulipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi hiyo. Trollope mwenyewe hakumsahau. Aliandika kwamba pengine anadaiwa na mtu huyo kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio yake. Heshima kwake.

Kwetu alfajiri ni saa ya maji, sare za shule, chai, na kumtafuta mtoto wa pili soksi yake. Mwanamke anayeambiwa "amka saa kumi uandike" anaambiwa aongeze zamu mbele ya zamu. Kwa hiyo kama alfajiri inakushinda, angalia kwanza kama ni usingizi au ni majukumu.

Kama ni usingizi, jibu liko usiku uliopita: ukilala saa sita, saa kumi haiwezi kuwa rafiki yako. Kama ni majukumu, ongea na mwenzako kwa lugha ya zamu, si ya ndoto. Mimi nilihangaika mwaka mzima kumweleza mume wangu kwamba "nahitaji nafasi ya ubunifu". Alikuwa anaitikia kwa kichwa na hakuna kilichobadilika. Siku moja nikamwambia, "Baba, Jumanne na Alhamisi asubuhi chai na watoto ni zako. Jumatatu na Jumatano ni zangu. Ijumaa tutaona."

Akauliza, "Na sare?"

"Na sare."

Basi, ikawa. Wiki ya kwanza mtoto alikwenda shule na soksi za rangi mbili. Hakuna aliyekufa.

Dalili: "Naanza kwa kasi, wiki ya tatu nimeacha"

Hii ndiyo iliyonitesa kuliko zote, na ndiyo nilikuwa naielewa vibaya kuliko zote. Nilijiita mvivu. Kumbe ratiba yangu haikuwa inaijua kazi yangu.

Kila mhasibu wa hapa anaujua mwezi wake. Siku za mwanzo ni kufunga hesabu za mwezi uliopita. Tarehe 7 ni mwisho wa kuwasilisha PAYE, kodi ya mishahara, na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Kisha pumzi kidogo. Halafu kuanzia tarehe 17 au 18 watu wanakimbizana na ankara, kwa sababu tarehe 20 ni mwisho wa kuwasilisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Baada ya hapo pumzi nyingine, mpaka mishahara ianze kuandaliwa. Mimi nilikuwa najipangia "ukurasa mmoja kila siku", kana kwamba tarehe 6 na tarehe 12 ni ndugu. Tarehe 6 nashindwa, tarehe 7 nashindwa, tarehe 8 nimeshakata tamaa, na zile siku tisa nzuri zinazofuata nazitumia kujilaumu.

Nikachora mwezi kwenye karatasi moja. Kuanzia tarehe 8 hadi 16, kuandika. Kuanzia 21 hadi 26, kuandika. Siku nyingine zote ni ruhusa kamili kutogusa kitu, isipokuwa ubeti wa barabarani ukija wenyewe. Hizo ni siku 15. Zile za "kila siku" hazikuwahi kufika 15 kwa mwezi hata mara moja.

Kila kazi ina mawimbi yake. Mwalimu ana wiki za mitihani na kusahihisha. Muuguzi ana zamu za usiku na siku za kupumzika baada yake. Mwenye duka anajua mwisho wa mwezi na mkesha wa Idi. Chora ya kwako kwa miezi mitatu iliyopita, weka alama siku ulizorudi nyumbani ukiwa huna hata maneno ya kusalimia, na usipande kitu juu ya siku hizo.

Kuna sababu ya pili ya kuacha wiki ya tatu, nayo ni ndogo: umechagua kazi kubwa mno. Riwaya ya kurasa mia tatu haimpi mtu furaha ya kumaliza kitu kwa mwaka au miaka miwili. Anza na kinachoweza kwisha ndani ya wimbi moja.

Dalili: "Muda ninao, ila hakitoki kitu"

Umekaa, nyumba imetulia, daftari liko wazi. Kimya.

Mara nyingi umeuleta mwili uliochoka ukitegemea akili iwe mbichi. Saa nne usiku baada ya siku ya tarakimu, mimi siwezi kutunga, naweza kusahihisha. Kwa hiyo usiku narekebisha nilichoandika jana, na kipya nakiacha kwa asubuhi au Jumamosi. Jaribu kuhamisha nusu saa ileile kwa wiki moja tu. Ikitoka asubuhi na haitoki usiku, umepata jibu.

Kama haitoki saa yoyote, angalia ulipoachia mara ya mwisho. Ulimaliza sura, ukafunga daftari umeridhika? Basi leo unaanza na ukurasa mweupe. Mimi naacha katikati ya sentensi, kwa makusudi, na pembeni naandika neno moja la kinachofuata: "anagonga mlango". Kesho yake kazi ya kwanza ni kumfungulia huyo mtu.

Na kama hata vitu ulivyokuwa unavipenda, si kuandika tu, havina ladha tena, usingizi umeharibika na wiki zinapita hivyo, hilo si tatizo la ratiba. Nenda hospitali ukaongee na daktari.

Dalili: "Nyumbani hawaniachi"

Ukisoma kitabu sebuleni, wanakuona umekaa. Ukiandika, wanakuona umekaa. Hakuna ishara kwamba uko kazini. Binti yangu alikuwa ananiita mara nne ndani ya dakika ishirini, na hakuwa na kosa. Nikaanza kuvaa kanga moja ya zamani begani kila ninapoandika. Nikamwambia, "Ukiniona na hii, niite kama kuna moto au damu." Siku ya tatu alisimama mlangoni, akaitazama kanga, akageuka. Siku ya nne akaja na daftari lake, naye kajifunga kanga.

Kama chumba ni kimoja na runinga ni ya wote, usipigane na runinga. Toka. Mimi nafika ofisini dakika arobaini mapema siku ambazo chai si zamu yangu, nakaa kwenye kantini kabla haijaanza kelele. Mjini ipo pia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako kukaa kimya ndiyo kawaida ya mahali.

Kisha kuna ukoo. Hapa niseme wazi nilipoamua mimi, wewe utaamua kwako. Msiba naenda, sina mjadala nao. Mgonjwa naenda. Harusi naenda. Lakini vikao vya harusi, wiki kumi mfululizo, kila Jumapili saa tatu, pamoja na sendofu na kicheni pati, hapana. Natuma mchango wangu mapema, tena wote kwa mara moja. Shangazi yangu alinipigia mara ya kwanza.

"Mwanangu, mbona hatukuoni kwenye kikao?"

"Shikamoo shangazi. Mchango ulifika?"

"Marahaba. Ulifika, tena wewe wa kwanza."

"Jumapili nina kazi, shangazi. Siku ya harusi nitakuja na mapema, nitasimamia meza ya zawadi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema nisisahau sare. Mtu aliyelipa mapema na anayeshika kazi siku yenyewe husamehewa mengi.

Dalili: "Kazi yangu yenyewe ni ya maneno, nikifika nyumbani sitaki kuyaona"

Mwandishi wa habari, mwalimu wa lugha, mtu wa matangazo. Badilisha kifaa: kama mchana ni kompyuta, jioni iwe kalamu. Au badilisha umbo: anayeandika habari atunge nyimbo. Kinachochoka ni ule mkao, lugha yenyewe bado unayo.

Dalili: "Nasubiri nipate kompyuta yangu"

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyepesi za ujenzi, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana madukani. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wa picha zile unaitwa kwa jina lake hadi leo. Usitumie kompyuta ya ofisi, lakini. Ikirudishwa siku unayoacha kazi, inarudi na hadithi zako.

Simu inatosha, kwa sharti moja. Niliwahi kuchomolewa simu kwenye daladala ikiwa na kurasa zaidi ya arobaini ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Konda alinipa pole, abiria wakanipa pole, mama mmoja akanishika mkono mpaka kituoni. Hakuna aliyejua nililia nini. Walidhani ni simu. Tangu siku hiyo kila usiku najitumia barua pepe ya nilichoandika, hata kikiwa mistari miwili.

Dalili: "Nimeacha miezi sita, naona aibu kurudi"

Usisome tangu mwanzo. Ukisoma tangu mwanzo utaanza kurekebisha sura ya kwanza, na sura ya kwanza haina mwisho wa kurekebishwa. Fungua ukurasa wa mwisho tu. Unakili kwa mkono, neno kwa neno, kwenye ukurasa mpya. Mahali fulani kati ya mstari wa tano na wa kumi utaona neno ambalo usingeliandika hivyo leo. Libadilishe, endelea kunakili, na ukifika ulipoachia usiweke kalamu chini.

Na angalia kalenda kabla hujaanza. Ikiwa ni tarehe 18 na wewe ni mhasibu, anza tarehe 21.